Alma Taylor kwenye diski ya BFI: unapata nini, unakosa nini

Anayetaka kumfuatilia mwigizaji mtoto wa Uingereza wa enzi ya filamu bubu, mapema au baadaye atakutana na diski ya DVD iitwayo Make More Noise!, iliyotolewa na British Film Institute, yaani BFI, mwaka 2015. Kasha lake halitaji habari za watoto. Ni mkusanyo wa filamu 21 fupi za mwanzoni mwa karne ya 20 kuhusu wanawake wa Uingereza waliopigania haki ya kupiga kura: habari za maandamano, vichekesho vya kuwasema, na picha za wanawake kazini wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Katikati ya hizo zimo filamu mbili za Tilly, msichana mtundu wa kubuniwa, na anayemwigiza ni Alma Taylor akiwa na miaka 15 katika moja na 16 katika nyingine. Tathmini hii inaikagua diski kwa maswali mawili: inamtendea haki kiasi gani binti huyu, na je, ina thamani ya pesa kwa mtu aliyeko mbali na London?

Alma Taylor alizaliwa London Januari 1895. Mwaka 1907, akiwa na miaka 12, alianza kazi kwa Cecil Hepworth, mtengenezaji filamu wa Walton-on-Thames, mji mdogo wa kando ya mto kusini-magharibi mwa London. Ukitaka kuelewa uigizaji wake, elewa kwanza mahali hapo. Hepworth hakuwa na kundi la waigizaji wa majukwaa makubwa. Alikuwa na familia yake, majirani na wafanyakazi wake, na wote walifanya kila kazi. Katika Alice in Wonderland ya mwaka 1903 Alice ni May Clark, msichana wa studio ambaye kazi zake hazikuishia mbele ya kamera. Mke wa Hepworth ni Sungura Mweupe na pia Malkia. Hepworth mwenyewe amevaa ngozi ya chura. Miaka miwili baadaye, katika Rescued by Rover, mtoto mchanga anayeibwa ni Barbara, binti wa Hepworth (si yule mchongaji maarufu mwenye jina hilohilo), anayemwokoa ni mbwa wa nyumbani aitwaye Blair, na May Clark ndiye yaya. Filamu hiyo iligharimu pauni 7, shilingi 13 na peni 9. Ziliuzwa nakala 395, hata negativu, yaani mkanda wa asili unaotolewa nakala, ikachakaa kwa kuchapishwa, ikabidi filamu nzima ipigwe upya mara mbili. Hiyo ndiyo biashara aliyoingia Alma Taylor: mtoto hutumika kama anavyotumika mtu mzima, jina lake haliandikwi kwenye filamu, na anayejifunza haraka hupewa kazi wiki inayofuata.

Kufikia mwaka 1910 Hepworth alikuwa na mabinti wawili wanaoelewana kama pacha, Alma Taylor na Chrissie White, wote wa umri mmoja. Mfululizo wa Tilly ulijengwa juu yao: Alma ni Tilly, Chrissie ni Sally, na uliendelea hadi 1915. Kanuni yake haibadiliki. Mabinti wa familia ya heshima wanawekwa chini ya uangalizi wa wakubwa, wanatoroka, wanavuruga mji, wanafukuzwa na umati, kisha wanarudi nyumbani na nyuso za malaika kabla wakubwa hawajagundua. Hakuna adhabu wala somo la tabia njema mwishoni. Kwa hadhira ya wakati wa mfalme Edward wa 7 na George wa 5, iliyozoea hadithi za watoto watundu wanaoishia kuchapwa, hilo lilikuwa jambo jipya, na ndiyo sababu BFI wakaziweka filamu hizi kwenye diski ya wanawake waliokataa kutulia. Uamuzi huo ni sahihi. Ukitazama Milling the Militants ya 1913, iliyomo humohumo, utamwona mume anayeachiwa watoto mkewe anapokwenda kuandamana, akalala na kuota kwamba yeye ni waziri mkuu anayewabunia wanawake hao adhabu. Ni kichekesho cha mwanamume mwenye hasira. Kisha weka ya Tilly. Umeona dunia ileile kutoka upande wa wanaokimbia.

Filamu ya thamani kubwa zaidi hapa ni Tilly and the Fire Engines ya mwaka 1911. Mabinti wanateka gari la zimamoto, la wakati huo la kukokotwa na farasi, wanaliendesha mbio mitaani, na wazimamoto wanapowafukuza wanageuziwa mpira wa maji wa gari lao wenyewe. Usiishie kucheka, itazame miili yao. Kamera imesimama mahali pamoja, na karibu kila mtu anaonekana mwili mzima, kwa hiyo uso hauwezi kubeba maana peke yake. Waigizaji wengi wa wakati huo walifidia umbali huo kwa mikono: kushika kichwa, kupunga, kupiga kifua. Alma Taylor hafanyi hivyo. Maana yote iko kwenye kasi yake na mahali anapogeukia. Anakimbia kama msichana anayekimbia kweli, sketi mkononi, na anapogeuka kumtazama mwenzake anageuka kwa kichwa na mabega pamoja, ndiyo maana unaiona hata kwenye skrini ndogo. Chrissie naye anamjibu papo hapo. Huo mwafaka hauwezi kufundishwa kwa siku moja ya mazoezi. Ni matunda ya miaka mitatu ya kufanya kazi pamoja karibu kila wiki.

Zingatia pia jinsi kufukuzana kunavyopangwa. Kanuni ya filamu za miaka hiyo ni kwamba wanaofukuzwa wanatokea mbali, wanasogea hadi karibu na kamera na kupita pembeni yake, kisha wanaowafukuza nao wanapita wote mpaka wa mwisho, ndipo picha inakatwa. Mwigizaji ana sekunde chache tu za kuwa karibu na lenzi, na hapo ndipo uso unapaswa kufanya kazi. Simamisha picha wakati mabinti wanapokaribia kutoka pembeni mwa skrini. Hapo utaona kwa nini Hepworth aliwabakiza hawa wawili wakati wengine walikuja na kuondoka.

Ile nyingine, Tilly the Tomboy Visits the Poor ya 1910, ni dhaifu kidogo. Safari ya hisani kwa maskini inageuzwa vurugu, na mwongozaji Lewin Fitzhamon, yuleyule aliyeongoza Rescued by Rover, anaweka tukio juu ya tukio bila kupandisha kitu. Lakini kwa anayefuatilia uigizaji ina faida yake: ukiziweka mbili hizi kwa mpangilio wa miaka unaona binti aliyeanza kwa kutenda anachoambiwa, na mwaka mmoja baadaye anachagua mwenyewe lini atulie na lini alipuke.

Sasa ubora wa nakala. Filamu za wakati huo zilipigwa kwa kuzungusha mkono, takriban fremu, yaani picha mojamoja za mkanda, 16 hadi 18 kwa sekunde. Ukizichezesha kwa kasi ya sinema ya sauti, fremu 24, kila mtu anakimbia kama siafu na uigizaji unakufa. Kuna hesabu rahisi ya kukagua nakala yoyote, iwe diski au video ya mtandaoni. Futi moja ya mkanda wa milimita 35 ina fremu 16, kwa hiyo kwa kasi ya fremu 16 kila futi ni sekunde moja. Rescued by Rover ilikuwa na futi 425. Kwa kasi hiyo inapaswa kuchukua dakika 7 na sekunde 5, na kwa fremu 24 inashuka hadi dakika 4 na sekunde 43. Tafuta urefu wa filamu kwa futi, linganisha na dakika za video, na utajua kama imekimbizwa au imekatwa. Nakala nyingi zilizopakiwa na watu binafsi mtandaoni zinaanguka kwenye mtihani huu. Diski ya BFI inapita: mwendo ni wa kibinadamu, unaweza kusoma nia ya mtu kabla hajatenda.

Jambo la pili la kukagua ni jinsi kasi hiyo ilivyopatikana. Diski za Uingereza huonyesha fremu 25 kwa sekunde, hivyo ili filamu ya fremu 16 isikimbie lazima fremu nyingine zirudiwe. Njia mbovu ni kuchanganya fremu mbili kuwa moja. Ukisimamisha picha mtu anapokimbia na ukaona miguu minne, basi imechanganywa. Kurudia fremu kamili huacha mtikisiko mdogo, lakini kila fremu inabaki safi.

Usishangae ukiona mbingu nyeupe tupu na midomo meusi. Mkanda wa wakati huo haukuiona rangi nyekundu na uliipokea buluu kwa nguvu mno. Midomo na mashavu mekundu yanageuka meusi, macho ya buluu yanafifia, na nywele za dhahabu zinaonekana nyeusi kuliko zilivyo. Kwa hiyo usijaribu kumtofautisha Alma na Chrissie kwa nywele peke yake. Anayetangulia kuanzisha balaa, mara nyingi, ndiye Tilly. Mikwaruzo ipo, na michirizi ya wima pia, lakini hiyo ni alama ya mkanda uliopita kwenye mashine za maonyesho mara nyingi, na BFI hawakujaribu kuifuta kwa kompyuta mpaka nyuso zikawa kama nta. Nawaunga mkono kabisa.

Muziki ni wa piano, umetungwa na kupigwa na Lillian Henley. Mapigo yake yanafuata miguu ya waigizaji bila kuigiza kila pigo la mlango, na kwenye filamu za Tilly anajua kunyamazisha mkono wa kushoto pale wakubwa wanapotokea. Kwa filamu za dakika chache, hilo linatosha sana. Anayependelea kutazama kimya kabisa, kama wanavyofanya baadhi ya wachambuzi, atoe sauti tu. Kijitabu kilichomo ndani kimeandikwa kwa Kiingereza, na maandishi ya kati ya picha ni machache. Mtoto wa darasa la pili atazielewa filamu za Tilly bila kutafsiriwa neno.

Kabla ya kuagiza, geuza kasha, au soma maelezo ya muuzaji, uangalie alama ya eneo, yaani namba ya sehemu ya dunia ambako diski imeruhusiwa kuchezwa. Diski nyingi za BFI zina alama namba 2, ya Ulaya na Mashariki ya Kati. Aliyeko Muscat au Dubai hana tatizo, maana huko nako ni eneo la 2. Tanzania, Kenya, Uganda na sehemu kubwa ya Afrika ni eneo la 5, na deki iliyofungwa kwenye 5 itaikataa diski ya 2 hata ikiwa mpya. Deki nyingi za bei nafuu madukani husoma maeneo yote, lakini muulize muuzaji aijaribu mbele yako. Ukitumia laptopu, programu ya VLC kwa kawaida inaicheza. Programu nyingine zitakuomba ubadilishe eneo la kifaa cha kusomea, na ruhusa hiyo hutolewa mara 5 tu. Ya 5 ikishatumika, kifaa kinabaki hapohapo milele, kwa hiyo usibonyeze kukubali bila kusoma. Kwa walioko Marekani na Kanada kuna vizingiti viwili: eneo ni la 1, tena mfumo wa picha ni NTSC wakati diski ya Uingereza ni PAL. Tanzania, Kenya na Uganda tumetumia PAL, hivyo upande huo ni salama.

Je, kuna njia ya bure? Ipo, lakini ina mapengo. Chaneli ya BFI kwenye YouTube ina Alice in Wonderland ya 1903, iliyokarabatiwa na kuwekwa hapo mwaka 2010. Filamu ilikuwa na futi 800, ndefu kuliko nyingine zote za Uingereza wakati huo. Nakala pekee iliyosalia imepungua na imechakaa vibaya, na ukarabati ulirudisha rangi za kutiwa, yaani mandhari moja ya manjano, nyingine ya buluu, kama ilivyouzwa awali. Anza na hiyo kabla ya kununua chochote, kwa sababu inakuonyesha kiwango alichokikuta Alma Taylor alipofika miaka minne baadaye. May Clark anatembea kwenye picha kama mtu anayefuata alama zilizochorwa sakafuni. Ana utulivu na haiba, lakini matukio ndiyo yanayomwongoza. Kwa Tilly, binti ndiye anayeyaongoza matukio.

Ukitazama kwa simu usishuke chini ya ubora wa 480. Punje za mkanda wa zamani ni nyingi na zinabadilika kila fremu, na video ikibanwa sana mashine inazigeuza vibonge vya mraba. Nyuso za watu walio mbali zinapotea kwanza. Kama bando ni dogo, afadhali kutazama filamu moja kwa ubora mzuri kuliko tano kwa ukungu. Huduma ya BFI Player, yenye hazina kubwa zaidi, imetengenezwa kwa ajili ya walioko Uingereza, na ukiwa Dar es Salaam au Mombasa filamu nyingi zitakataa kufunguka. Ndugu au rafiki aliyeko London au Leicester anaweza kuangalia kwa niaba yako kilichomo kabla hujatoa pesa.

Kasoro kubwa ya diski, kwa anayemtafuta Alma Taylor, ni kwamba inaishia pale anapoanza kupaa. Mwaka 1915 gazeti la Pictures and the Picturegoer lilipowaalika wasomaji kumpigia kura mwigizaji bora wa filamu mzaliwa wa Uingereza, Alma Taylor aliongoza, na Charlie Chaplin akawa nyuma yake. Alikuwa na miaka 20. Wapenzi wa historia ya filamu humtaja Chaplin wa mwaka huo kana kwamba hakukuwa na mwingine, na mkusanyo mmoja unaoanza na Tilly na kufika miaka ya 1920 ungerekebisha picha hiyo mara moja. Haujatengenezwa, na sababu kubwa ni kwamba vya kuwekwa ni vichache mno. Kampuni ya Hepworth ilifilisika mwaka 1924. Negativu zake nyingi ziliuzwa kama malighafi na kuyeyushwa. Filamu za Tilly zilizobaki leo zinahesabika, na zimebaki kwa kuwa nakala za maonyesho zilikuwa zimeshasambaa kwa watu wengine. Mkanda wa nitrati nao una maradhi yake: unanata, unatoa gesi yenye harufu kali, mwisho unakuwa vumbi la kahawia, na ukipata moto hauzimiki kwa maji.

Kilichosalia kutoka utu uzima wake kinaonyesha mwigizaji aliyebeba utoto wake kwa gharama. Comin' Thro' the Rye aliigiza mara mbili kwa Hepworth, mwaka 1916 na tena 1923, na mara ya pili, akiwa anakaribia miaka 30, bado anaanza hadithi kama msichana mdogo. Hepworth alipenda picha tulivu za bustani na mashamba, na alipenda kufifisha picha polepole mwishoni mwa karibu kila tukio badala ya kukata. Ndani ya mwendo huo Alma Taylor anapendeza, anavumilia, anahuzunika vizuri, lakini ile kasi ya mwaka 1911 imefungiwa kabati. Helen of Four Gates ya mwaka 1920 inamwonyesha tofauti: mwanamke wa vilima vya Yorkshire, mwenye hasira na upepo usoni. Iliaminika kupotea kabisa hadi nakala ilipopatikana Montreal, Kanada, na ikaonyeshwa tena Hebden Bridge, karibu na ilikopigwa, mwaka 2010. Ukisikia inaonyeshwa popote mlipo, nendeni. Baada ya Hepworth kuanguka, Alma Taylor alipata nafasi ndogondogo tu, nyingine bila jina kuandikwa, hadi miaka ya 1950. Alifariki 1974.

Kwa hiyo pesa yako iende wapi? Mwalimu wa historia, mwanafunzi wa filamu, au klabu ya wanawake inayotaka kuonyesha na kujadili, inunue diski nzima bila kusita. Filamu za Tilly zinapata uzito zikitazamwa katikati ya habari halisi za maandamano, hasa ile ya mbio za farasi za Derby za mwaka 1913, ambako Emily Davison, mmoja wa wanawake hao waliopigania kura, aligongwa na farasi wa mfalme. Kwa anayemtaka Alma Taylor peke yake, diski inatoa dakika chache katika zaidi ya saa mbili. Atafute kwanza YouTube kwa jina kamili la kila filamu pamoja na neno BFI, apime dakika kwa hesabu ya futi, na anunue tu ikiwa alichokipata kimekimbizwa. Ukishaipata, usiicheze mfululizo kutoka mwanzo. Weka Visits the Poor, kisha Fire Engines, zote mbili bila kituo, halafu rudia ya pili bila sauti ukimfuata Tilly peke yake kwa macho.